Ngombe ya Miguu Tatu

Wandugu wa atelie,

Tangu niache kazi, ninaamuka asubuhi na ninabaki nimelala. Hamujui utamu wa ile kitu. Bega ya kuume inauma bado, lakini inauma kwa wakati wake, hainiulize tena magongo ya nani yatakwisha lini. Mama wa nyumba anasema nimekuwa muvivu. Ninamujibu ndiyo, kisha ninageukia upande mwingine.

Muliniomba niandike namna ya kujenga ile benchi ya kuchongea, ile yenye kichwa na yenye kushika muti ukiikanyaga. Na mumoja wenu aliniuliza kwa nini wazee wa hapa tunatetemeka mutu akiiita kwa jina yake ya zamani. Nitaandika vyote viwili pamoja, juu siwezi kuvitenganisha. Wenye haraka ya kujenga waruke mupaka fasi ya Walikale.

Nilifika atelie ya Masisi nikiwa kijana wa mashamba. Kwetu, upande wa Lushebere, tulijua jembe, maharagi na viazi. Ngombe tuliziona zikipita ku vilima vya wenyewe. Kazi ya mbao nilijua kidogo tu, kutia mipini mu majembe. Kituo cha afya kilitafuta mutu wa kusaidia kutengeneza magongo, bekiye kama wengi wanavyosema, na fimbo za kutembelea, na viti vya wale ambao miguu haiwabebe. Fundi mukubwa alikuwa Papa Deo.

Papa Deo alitoka mu familia ya wafugaji wa kule juu, wenye kuuza maziwa. Utoto wake aliumaliza nyuma ya ngombe na kuchonga vyombo vya mbao vya kukamulia. Kisha vita zikaja, ngombe za baba yake zikaenda na wenye bunduki, na hakuna hata moja iliyorudi. Yeye akabaki na kisu. Kisu ile mutaiona bado ku ukuta: chuma ndefu yenye makali, mupini huku na mupini huku, unaishika na mikono mbili na unaivuta ije kwa kifua. Mafundi wa Goma wana jina yake ya Kifaransa. Sisi tuliita kisu ya mikono mbili, na mara nyingi kisu tu.

Asubuhi ya kwanza aliniangalia viganja, akaniambia: "Bonane, enda nyuma, ukae ku ngombe, ukamue mupaka nikuite."

Nikaenda. Sikuuliza kitu, juu siku ya kwanza ya kazi hakuna anayependa kuonekana mujinga. Na kweli nyuma ya atelie kulikuwa ngombe ya jirani, imefungwa ku muti, inakula majani yake na roho safi. Nikaomba ndoo kwa mama wa jikoni, nikachuchumaa pale mbele ya wagonjwa wote. Tangu nizaliwe sikuwa nimekamua hata mbuzi. Ile ngombe ilinivumilia kidogo, kisha ikanipiga teke ya mufupa, ndoo ikaenda kwake na mimi kwangu. Wagonjwa walicheka mupaka wengine wakashika mishono yao. Papa Deo akatoka, akasimama mulangoni. Hakucheka. Alikohoa.

Hapa mujue kwamba Papa Deo hakuwa mutu wa maneno mingi. Ukikosea, alikohoa. Kikohozi kifupi: angalia mukono yako. Kikohozi kirefu: tupa ile muti, anza upya. Mimi nimefundishwa kazi yote na kikohozi, na kifua yake ilikuwa nzima kabisa, daktari aliipima.

Akanishika ku bega, akanipeleka mu kona ya ndani. Pale kulikuwa gogo nusu, limepasuliwa, upande bapa juu, na miguu tatu chini.

"Hii njo ngombe," akasema. "Mugongo, unakaa hapa. Miguu, hii hapa. Shingo inapita mu shimo ya katikati. Kichwa iko juu. Weka muti chini ya kidevu, kanyaga huku chini: kichwa inashuka, inauma. Acha kukanyaga: inaachilia. Sasa vuta kisu."

Nikavuta. Ngozi nyembamba ya muti ikatoka, ikajikunja, ikaanguka kati ya magoti yangu.

"Maziwa," akasema Papa Deo, akaenda zake.

Maziwa ile tuliikusanya kila jioni na mama wa jikoni aliwashia moto. Hakuna aliyecheka ile lugha yake, juu tulijua ngombe za kweli zilikwenda wapi. Na sisi wote ikatuingia. Tulisema: "Ngombe yako haiumi vizuri." Tulisema: "Nimemaliza kukamua fimbo ya Mama wa Kitshanga." Mugeni akipita nje ya dirisha alifikiri sisi ni koperative ya maziwa.

Niliketi ku mugongo ya ngombe ile miaka mingi. Muti unashikwa na muguu yako mwenyewe, mikono yote mbili inabaki huru, na kila ukitaka kugeuza muti unaachilia, unageuza, unakanyaga tena, bila kufunga wala kufungua kitu. Nimeona mafundi wanaofunga muti mu chuma ya mezani, wanazungusha, wanafungua, wanazungusha tena. Mutu akimaliza gongo moja, mugonjwa amekwisha kupona.

Kisha nikatumwa Walikale. Kule kulikuwa kituo kingine kilichotaka atelie yake, na waliniomba niwajengee ngombe na niwafundishe kuikalia. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuijenga peke yangu, bila Papa Deo pembeni. Hofu ilikuwa mingi. Walikale mvua haina saa, na muti unaoutaka uko mbele yako musitu mzima, lakini kuutoa njo kazi. Walinipa gogo la libuyu, muti mukubwa wa musitu ule, nyekundu, zuri hata kwa mulango ya askofu, na zito namna gani! Tulilibeba watu wane na tukapumzika kila kilima.

Basi andikeni. Mugongo, chukua muti wenye bado maji kidogo. Miguu, chukua muti mukavu kabisa. Mugongo ikikauka, mashimo yanajifunga yenyewe, na muguu hautoki hata umuombe. Miguu iwe tatu, si ine. Hapa kwetu hakuna sakafu ya sawa. Kiti cha miguu ine kinacheza, cha miguu tatu kinakaa popote unapokiweka, hata ku kilima. Itanue miguu, isisimame wima. Na fasi ya kukanyaga, iweke mbali kidogo: muguu yako ikikanyaga iwe karibu kunyooka. Muguu iliyokunjwa inachoka mbele ya saa ya chakula. Ile shingo, mashimo yake ya kuzungukia, yale yanayopitisha kijiti cha kuishikilia, toboa zaidi ya moja, juu miti haina unene mumoja.

Shingo njo ilinisumbua. Nilimupigia Papa Deo simu nikamueleza nilivyotoboa. Kisha akakohoa, kile kirefu. Nilikuwa ninamaliza unite zangu za simu kusikiliza mutu akikohoa kutoka Masisi mupaka Walikale. Nikaitupa ile shingo, nikaanza upya, na ya pili ikauma vizuri kabisa.

Nilikuwa bado kule wakati mambo ya Masisi iliharibika tena. Watu wakaanza kushuka njia ya Sake na magodoro ku kichwa. Atelie ikafungwa. Papa Deo alikataa kwenda Sake, alisema miguu yake haipendi ile njia. Lakini hakutaka kuiacha ngombe mu atelie yenye mulango mubovu. Akamutafuta mutu wa kumusaidia, wakaibeba, wakaiingiza mu kanisa ndogo ya Lushebere, wakaifunika na maturubai. Kisha akapanda ku kilima kutafuta rezo, mutandao wa simu, ili anipashe habari.

Wote tunajua ile kilima. Njo fasi pekee upande wa Lushebere rezo inakaa. Shida ni kwamba wenye bunduki nao wanahitaji rezo. Bariyeri yao ya kufunga njia ilikuwa pale pale, nyuma ya kichaka. Sitataja kundi. Walikuwa vijana wenye silaha na komanda wao, na hiyo inatosha.

Rezo ilikuwa mubaya, basi Papa Deo, mutu wa kukohoa, siku ile akapiga kelele.

"Bonane! Unanisikia? Ngombe iko salama! Nimeificha! Eeh, nimeificha! Hawataipata!"

Nyuma ya sauti yake nikasikia sauti ingine, ya pole kabisa:

"Muzee, ngombe gani?"

Kisha simu ikakatika.

Kesho yake muke wake, Mama Domina, akanipigia kutoka Masisi. Alikuwa amelia mupaka sauti imekwisha. "Bonane, wamemushika. Wanasema alete ngombe, ao kesho mangaribi watamupandisha juu."

Kupandishwa juu ni kupelekwa mu kambi yao, ndani ya musitu. Tulijua watu waliopandishwa. Tulikuwa hatujaona aliyeshuka.

Nilimwambia, "Mama, niko nakuja." Sikujua ninakuja kufanya nini. Nikapata motari mumoja aliyekubali njia, tukapita Nyabiondo, mara tunapanda pikipiki, mara pikipiki inatupanda sisi, matope mupaka mu masikio. Njia yote nilikuwa na fikra moja tu, na ilinifariji: ile kitu iko. Nitaichukua mu kanisa, nitaibeba mupaka ku bariyeri, nitasema, "Komanda, ngombe yenyewe hii hapa, ni ya mbao," atacheka, tutaenda nyumbani. Ilikuwa fikra nzuri kabisa.

Niliingia mu kanisa asubuhi. Ndani kulikuwa familia zilizokimbia, zimelala kati ya viti. Nikatafuta maturubai nikaiona: mutoto alikuwa amefunikwa nayo. Nikamuuliza mama yake kuhusu kitu ya mbao iliyokuwa chini.

Akainamisha kichwa. "Papa, kulinyesha siku mbili. Kuni haikukuwa. Tulipikia maharagi."

Ningemufanya nini? Mimi pia ningepikia. Nilimwambia si kitu, nikatoka nje, nikaketi ku mawe, nikashika kichwa. Yesu wangu! Ushuhuda wote wa maisha ya Papa Deo ulikuwa jivu, na mimi nilikuwa na mikono tupu na saa chache.

Nikapanda kilima hivyo hivyo.

Papa Deo alikuwa ameketi chini ya maturubai yao, kamba ku mikono. Aliponiona, macho yake yakafurahi, kisha yakakasirika kwa sababu nimekuja. Komanda alikuwa mutu wa makamo, na kofia ya sufu, na hasira ya mutu aliyechekwa.

"Weye njo unajua ile ngombe?" akaniuliza.

"Ninaijua, Komanda. Lakini si ngombe ya..."

"Ngoja. Mimi nitakuuliza, weye utajibu. Ile ngombe iko na pembe ya namna gani?"

"Haina pembe."

Akamuangalia mutu wake mumoja. "Miguu?"

"Tatu, Komanda."

"Inakula nini?"

"Haikule."

"Na maziwa inatoa?"

Hapa nilijua tunakufa, lakini Papa Deo alikuwa ananiangalia, na nilielewa kwamba yeye amekwisha kujibu maulizo haya yote, na kwa sababu hasemi uongo, alijibu kweli tupu, ile tu aliyoulizwa. Nikisema kingine, mumoja wetu ni muongo.

"Inatoa. Ya kuwashia moto."

Vijana wakaanza kunguruma. Komanda akasimama. "Munaona? Bamepatana! Bananicheka mu uso! Kijana, ngombe iko wapi?"

"Ilipikia maharagi, Komanda."

"Mulikula ngombe na maharagi?"

"Hapana, hatukuikula. Ngombe njo ilipika."

Wandugu, leo ninaandika hii na bibi yangu ananiuliza ninacheka nini. Siku ile hakuna aliyecheka. Mumoja alinisukuma na kitako ya bunduki, nikajikuta nimeketi mu matope, na Komanda akasema basi, wote wawili mutapanda juu mangaribi, kule mutatueleza vizuri.

Njo pale maneno ikanitoka bila kuifikiri. "Komanda, tafazali, unipe shoka. Nitakujengea ingine hapa hapa mbele ya macho yako. Ukiona si ile tunayoiita ngombe, fanya unachotaka."

Komanda akajikuna chini ya kofia. Nafikiri alikuwa na uchovu wa kukaa pale siku nzima bila kitu cha kuangalia. "Muti utatoa wapi?"

Nikaangalia huku na huku. Muti pekee wa maana ulikuwa mukalitusi waliokuwa wanafungia njia zamani, ile bariyeri yao ya kwanza, wameutupa mu mutaro. "Ule," nikasema. Vijana wakatazamana. Komanda akainua kidevu: chukua.

Shoka walikuwa nayo ya kuni, na panga. Sikuwa na msumeno, sikuwa na kitu ya kutobolea. Niliomba chuma ya betoni iliyokuwa inashikilia maturubai yao, na nikaitia mu moto. Gogo nikalipasua na shoka na vipande vya mbao vya kupanua ufa. Mukalitusi ulipasuka vizuri, Mungu awabariki waliouacha ukauke kidogo tu. Mashimo ya miguu nikayachoma na chuma nyekundu, nikiyapanua pole pole, moshi mu macho. Ulikuwa pia kisingizio kizuri cha kulia bila kuonekana. Miguu nikachonga na panga kutoka kwa vipande vyao vya kuni, vikavu kabisa.

Nilipotia muguu ya kwanza, nikasikia kikohozi kifupi chini ya maturubai.

Nikaitoa, nikaangalia: ilikuwa inasimama wima. Nikaitanua.

"Muzee anaumwa?" akauliza Komanda.

"Ni moshi," nikajibu.

Basi tukajenga hivyo, mimi na mikono yangu, yeye na kifua yake. Watu wenye bunduki walikuwa wamesimama kati yetu na hakuna aliyejua kwamba tunaongea. Shimo ya katikati, ile inayopitisha shingo, sikuweza kuitoboa na panga wala kwa kuchoma, saa ilikuwa inakimbia. Nikaacha desturi ya Papa Deo, nikafanya shingo mbili, moja kila upande wa mugongo, nikaziunga juu na kipande cha muti kiwe kichwa, na chini na kingine cha kukanyagia, zote zinazunguka ku ile chuma ya betoni. Nilingoja kikohozi kirefu. Hakikutoka. Mupaka leo sijui kama alikubali ao alinionea huruma.

Jua lilikuwa limeshuka ku kilima cha pili. Nikaiweka katikati ya njia. Ilisimama imara ku mawe yale.

Komanda akamufanya Papa Deo asimame, wakamufungua kamba. "Muzee, sema. Hii njo ile ngombe?"

Nilimuombea Papa Deo aseme uongo moja tu, moja tu mu maisha yake.

Aliizunguka pole pole. Akaigusa kichwa. "Hapana, Komanda. Ile iko na shingo moja. Hii iko na mbili."

Mama yangu! Nilifunga macho.

"Lakini iko ya kabila moja na ile," akaongeza. "Ukinipa kisu yangu nitakuonyesha namna inakamuliwa."

Kisu ile walikuwa wamemunyanganya siku ya kwanza na waliiweka mu begi ya Komanda, juu chuma yenye makali na mikono mbili, kwao, ilikuwa ya kukatia watu. Komanda akaitoa. Akaiangalia, akamuangalia Papa Deo. Mumoja wa vijana akainua bunduki na kuisogeza karibu ya shingo ya muzee.

Papa Deo akapokea kisu kama mutu anayepokea sahani ya chakula, na mikono mbili. Akaketi. Akachukua fito la kuni, akaliweka chini ya kichwa, akakanyaga. Kichwa ikashuka, ikauma. Akavuta. Utepe ndefu na nyeupe ukatoka, ukajikunja, ukaangukia viatu vya Komanda. Akavuta tena. Akaachilia, akageuza, akakanyaga, akavuta, na fito lilianza kuwa fimbo pale mbele yetu wote.

Kisha yule mwenye bunduki akaishusha na akapiga kelele kama mutoto: "Anakamua! Tazama, muzee anakamua!"

Ikawa kicheko. Walicheka wakashikana mabega, mumoja akaketi mu mutaro. "Miguu tatu! Haikule! Maziwa ya kuwashia moto!" Walirudilia majibu yetu yote, moja moja, na kila moja iliwaangusha upya. Komanda njo alicheka mwisho, na alicheka kwa shida, pua kwanza. Kisha akamutoa Papa Deo ku kiti, akaketi mwenyewe. Akakanyaga, akavuta kisu kwa nguvu zake zote, fito likaruka likamupiga ku kofia.

Na Papa Deo, kwa mazoezi ya maisha yake yote, akakohoa. Kile kirefu.

Kicheko kikakatika. "Unakohoa nini, muzee?"

"Vumbi, Komanda."

Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili. Komanda akamuangalia sana. Kisha akavuta tena, pole pole sasa, muguu imenyooka, na utepe ndogo ukatoka. Akauokota, akauangalia ku mwanga, akautia mu mufuko ya koti. Akasimama.

"Muende," akasema. "Mubebe na ile kitu yenu. Sitaki kuiona hapa."

Hatukungoja arudilie. Niliikamata mbele, Papa Deo nyuma, tukashuka. Hatukukimbia, juu mutu anayekimbia anaitwa. Tulitembea ule mwendo wa kutoka kanisani, migongo inatuwasha wote wawili. Tulikuwa tumekwisha kufika karibu ya kona wakati tuliposikia mutu anakimbia nyuma.

"Papa! Papa, mungoje!"

Miguu yangu ikasimama yenyewe. Nilijisemea, basi, wamebadilisha shauri. Nilisikia Papa Deo nyuma yangu anaanza kunong'ona Baba Yetu. Sikugeuka. Nilingoja.

Yule kijana wa bunduki akafika, anapumua. Mukononi alikuwa na kisu ya mikono mbili.

"Mulisahau hii," akasema.

Mafundi wawili, maisha yetu yote mu mbao, na tumesahau kisu. Papa Deo akaipokea, akasema aksanti mutoto yangu, na kijana akapanda kurudi, anaimba kidogo. Tukapinda kona. Pale ambapo hawakuweza kutuona, Papa Deo akaniambia, "Weka chini." Tukaiweka chini katikati ya njia, akaketi ku mugongo yake, kisu ku magoti.

"Bonane," akasema, "niko muzima."

"Uko muzima, Papa."

"Mama Domina amekula?"

"Sijui. Sizani."

Akaanza kulia, na mimi nikalia, na sikuona haya hata kidogo. Nilikaa pembeni yake. Kisha akafuta uso na mukono wa shati na tukakaa tu, tunaangalia chini, ku Lushebere, moshi wa vyakula unapanda ku nyumba na ku maturubai ya wakimbizi. Motari mumoja akapanda kutoka kule, na gunia la makaa nyuma. Alituona, watu wawili wa matope wameketi ku kitu ya miguu tatu katikati ya barabara. Akapiga honi, akatupita pembeni, akaenda zake. Hakutuuliza kitu.